Ng'ombe Gani? Tunamkumbuka Caren Naliaka

Wasikilizaji wapendwa, wewe unayechambua mboga za jioni na wewe unayefunga duka, sogeza redio karibu. Leo kuna kiti kimoja kilicho wazi kati yetu. Ni kiti cha Caren Naliaka.

Caren Naliaka. Watu wa Kitengela mlimjua kama Mama Dolphine, wa zile nyumba za mawe karibu na machimbo. Watu wa Isinya na Kajiado mlimjua kwa shati lake la kaki na darubini shingoni. Na wale waliofanya naye kazi katika kambi ya watalii ya Oloirien walimwita Mama Tarajia. Sababu ya jina hilo mtaijua sasa hivi.

Caren alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita, hospitalini Kajiado, baada ya kuugua saratani kwa miaka miwili. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja. Alizikwa Jumamosi nyumbani kwao Chwele, Bungoma. Narudia kwa aliyefungua redio sasa hivi: Caren Naliaka, Mama Dolphine wa Kitengela, ametutoka.

Tutamkumbuka kwa swali moja, wasikilizaji wapendwa. Swali lenyewe ni maneno mawili tu. Asubuhi moja ya Agosti mwaka 2001, swali hilo lilichelewa kuulizwa kwa dakika arobaini. Na katika dakika hizo arobaini, bibi mmoja mgeni na mwanamume mmoja wa Isinya walikuwa wakitembea polepole kuelekea kifo, wakizungumza habari za nyayo za swala.

Lakini tuanze alikoanzia.

Caren alifika Kitengela mwaka 1993. Mume wake, Nashon, alikuwa amepata kazi ya kuchonga mawe timboni. Dolphine alikuwa na miaka mitatu, mgongoni. Kitengela ya wakati huo mnaikumbuka: maduka machache kando ya barabara ya Namanga, upepo, na pundamilia wakipita nyuma ya nyumba kama majirani wasiosalimia. Caren alifua nguo za watu. Alifua mpaka vidole vikawa vyeupe.

Mwaka 1996 kambi ya Oloirien ikafunguliwa, ndani ya ranchi moja kati ya Isinya na Kajiado. Ilikuwa kambi ya watalii wa hali ya juu. Mahema kumi tu, lakini hema moja lilikuwa kubwa kuliko nyumba ya Caren mara tatu. Sakafu ya mbao. Kitanda cha miguu minne. Zulia porini! Walitafuta mfuaji, na Caren akaenda.

Gari la wafanyakazi lilimrudisha Kitengela jioni, na mara tatu kwa wiki hakupitia nyumbani. Alienda moja kwa moja kwenye ukumbi wa kanisa, kwa masomo ya jioni. Majirani walimcheka.

"Mama Doli, unaenda ngumbaru? Ukishajua kuandika, utamwandikia nani barua?"

"Nitakuandikia wewe," akajibu. "Halafu utanitafuta nikusomee."

Ndivyo alivyokuwa. Alijibu akitembea.

Mwaka 1999 alitolewa kwenye nguo akapelekwa mezani, kuwahudumia wageni chakula. Na mwaka uliofuata kukatokea yowe. Jioni moja mgeni mmoja alijitupa kitandani, akaruka nje ya hema lake bila viatu, akipiga kelele kwamba kuna mnyama ndani ya shuka. Wanaume wakaja na marungu. Caren akaingia peke yake, akafunua shuka, akatoka na chupa ya mpira iliyojaa maji moto. Ni ile wanayowawekea wageni kitandani kwa ajili ya baridi. Imevalishwa kitambaa cha manyoya.

"Huyu ndiye mnyama," akamwambia mgeni kwa Kiingereza chake cha ukumbi wa kanisa. "Haumi. Lakini asubuhi huwa amekufa."

Mgeni alicheka mpaka akakaa chini. Meneja wa kambi, Bwana Wanyoike, alikuwa amesimama pale. Kesho yake akamwambia, "Caren, kuanzia leo wewe ndiye utakuwa unawaambia wageni wakifika wategemee nini. Kabla hawajapiga nduru."

Basi kila kundi lilipofika, Caren alisimama mbele yao, mikono nyuma, akaanza: tarajieni. Tarajieni kitanda chenye shuka nyeupe kuliko za kwenu. Tarajieni ndoo ya maji moto juu ya bafu saa kumi na mbili jioni. Ukisema tayari, mtu wetu aliye nje atavuta kamba, na hatachungulia. Tarajieni kahawa kabla ya jua. Tarajieni baridi ambayo hakuna aliyewaambia kwamba Afrika inayo. Tarajieni vumbi kwenye meno. Tarajieni kifungua kinywa porini, mayai na soseji na kitambaa cheupe cha meza, katikati ya nyasi. Msitarajie simba. Simba hajaajiriwa hapa. Mimi ndiye nimeajiriwa.

Halafu aliacha kutabasamu. Alinyanyua mkono wa kulia, akakunja ngumi.

"Mkiona ngumi hii," alisema, "simameni kama mti. Mti haukimbii. Mti hauulizi kwa nini."

Shikeni hapo, wasikilizaji wapendwa. Mti hauulizi. Tutarudi hapo.

Agosti 2001 alifika mgeni mmoja kutoka Denmark. Aliitwa Agnete. Alikuwa na miaka sabini na miwili, alitembea na fimbo, na masikio yake yalikuwa yamechoka. Huyu Agnete aliipenda ile ngumi kuliko yote. Kwa mtu asiyesikia vizuri, ngumi ni lugha safi. Kila alipokutana na Caren kambini, kila mmoja akibeba chai yake, Agnete aliinua ngumi na Caren akasimama kama mti. Kisha Caren akainua yake, na bibi akasimama. Walichezea jambo hilo kama watoto wa shule.

Mwezi huohuo Caren alikuwa kwenye majaribio. Alikuwa amemwomba Bwana Wanyoike afunzwe kazi ya kuongoza watalii. Wakati huo hakukuwa na mwanamke hata mmoja katika kazi hiyo pale Oloirien. Wanyoike alijikuna kidevu.

"Nikupe mwezi mmoja," akasema. "Shika kile kifungua kinywa cha porini peke yako. Chagua mti, panga meza, ongea kwa redio na madereva. Nione kichwa chako kinafanyaje kazi huko nje. Ukikosea, unarudi kwa sahani."

Sasa kuhusu hizo redio. Nisikilizeni vizuri, kwa sababu kosa lenyewe liko hapa.

Madereva wa watalii wana lugha yao. Wageni wengi huja wameshajifunza neno simba. Dereva akisema simba redioni, mgeni anasikia, anaanza kuruka kwenye kiti. Na mkifika mkamkosa huyo simba, mgeni ananuna siku nzima. Kwa hiyo madereva huficha. Simba wanamwita sharubu. Chui ni madoa. Ndovu ni masikio. Dereva mkuu wa Oloirien alikuwa Dalmas Ojwang, mtu wa miaka mingi katika mbuga nyingine za mbali, na huko alikotoka nyati waliitwa ng'ombe.

Ng'ombe! Huko ndani ya mbuga hakuna ng'ombe wa mtu, kwa hiyo neno halina shida. Lakini hapa? Kwa Wamaasai? Ambapo ukisimama popote na kugeuka, unaona ng'ombe?

Ojwang alikuwa ametumia neno hilo na madereva wenzake tangu mwezi wa tano. Hakuna aliyemfundisha Caren. Yeye alikuwa mtu wa meza.

Asubuhi hiyo, saa kumi na mbili na dakika kumi, pikapu ilimshusha Caren chini ya mgunga mmoja mkubwa kando ya korongo kavu. Ikarudi kambini kuchukua viti. Caren akabaki peke yake na meza, jiko la gesi, masanduku ya vyombo, na redio ya mkononi. Agnete hakutaka kwenda kwa gari siku hiyo. Alikuwa anakuja kwa miguu, taratibu, na mfuata nyayo wa kambi, Emmanuel Simel wa Isinya. Simel hakubeba redio. Alisema redio inamzuia kusikia.

Redio ikakohoa.

"Shemeji Caren, Ojwang hapa. Umenipata? Ova."

Ojwang alimwita kila Mluhya shemeji.

"Nimekupata, shemeji. Ova."

"Kuna ng'ombe watatu, wazee, kwa kile kichaka cha korongo. Karibu na mti wako. Wamelala. Umesikia? Ova."

Caren akageuka akatazama kichaka. Kilikuwa hatua arobaini nyuma yake, cheusi, kimya. Ng'ombe wa jirani, akajiambia. Wamelala, waache walale. Alikuwa ameshika kitambaa cha meza kwa meno, anakinyoosha.

"Sawa," akajibu. "Hawana shida. Ova."

Ojwang, aliyekuwa amepita hapo alfajiri na sasa yuko umbali wa kilomita kumi, akasikia sawa. Kwake, sawa ilimaanisha Caren amehama, amepeleka meza kwa mti mwingine. Akazima injini ili wageni wake wapige picha za twiga.

Sawa moja, wasikilizaji wapendwa. Kila mmoja akaibeba kwa maana yake, akaenda zake.

Caren alipanga vikombe. Alipanga jemu. Aliweka birika motoni. Jua likatoka likagusa vilele vya nyasi. Alikuwa akiwaza majaribio yake, na jinsi meza ilivyokaa vizuri, na kama Wanyoike angepita aione. Zilipita dakika ishirini. Zikapita arobaini.

Kilichomwamsha ni ndege. Ndege wadogo wenye mdomo mwekundu, wale wanaokula kupe mgongoni mwa wanyama, waliruka kutoka ndani ya kichaka, wakapiga duara, wakatua tena palepale.

Caren akasimama na kijiko mkononi.

Alizaliwa Chwele, kwa watu wa ng'ombe. Alikuwa ameishi miaka minane kwa watu wa ng'ombe. Mawazo yakaja moja moja. Ng'ombe wa hapa wana kengele. Mbona hajasikia kengele? Ng'ombe wa hapa saa hii wako njiani na mchungaji. Mchungaji yuko wapi? Ng'ombe wazee watatu, wamelala kichakani peke yao, saa moja asubuhi, katika nchi yenye simba. Ni nani katika Kajiado nzima angewaacha?

Akakiweka kijiko chini taratibu, juu ya kitambaa, kisigonge sahani. Akaleta redio karibu kabisa na midomo.

"Ojwang," akanong'ona. "Ng'ombe gani?"

Akabonyeza tena.

"Ojwang. Ng'ombe gani?"

"Shemeji, uko wapi?"

"Niko kwa meza."

"Meza iko kwa mti gani?"

"Mgunga. Wa korongo."

Alisikia Ojwang akivuta pumzi. Alisikia injini ikiwaka.

"Caren," akasema, na hakumwita shemeji. "Hao ni nyati. Usikimbie. Nakuja. Ni dakika kumi."

Na wakati huohuo, upande wa pili wa kichaka, Caren akaona shuka nyekundu na kofia nyeupe. Simel na Agnete. Walikuwa wanakuja kwa njia ya ng'ombe inayopita kando kabisa ya kichaka. Simel alikuwa ameinama, anamwonyesha bibi kitu ardhini. Jua lilikuwa machoni mwao. Upepo ulikuwa ukitoka kichakani kwenda kwao, kwa hiyo nyati hawakuwa wamewanusa. Wangefika kichakani bila mnyama kujua, na nyati mzee hapendi kushtuliwa. Bado hatua sitini. Hamsini na tano.

Akipiga kelele, anawaamsha nyati. Akinyamaza, Simel na bibi wanawakanyaga.

Caren alitoka kwenye kivuli cha mti. Alitembea pembeni, polepole, mpaka mahali palipo wazi, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angemwona. Nyati pia wangemwona. Aliinua mkono wa kulia juu kabisa, akakunja ngumi.

Hatua hamsini. Simel bado ameinama.

Tazama juu, Caren aliomba. Tazama juu, mama.

Na Agnete akatazama juu. Watu wasiosikia hutazama sana. Aliona ngumi. Kwanza akatabasamu, akidhani ni ule mchezo wao. Kisha akauona uso wa Caren kwa mbali, tabasamu likafa. Akasimama kama mti. Na bila neno, akamshika Simel kwa shuka.

Simel aliinuka. Aliangalia ngumi, akaangalia kichaka, akaona ndege. Hakuhitaji kuambiwa. Alimzungusha bibi nyuma yake, akaanza kumrudisha, hatua moja, wanasimama, hatua moja, kuelekea kichuguu kikubwa kilichokuwa upande wao wa kushoto. Fimbo ya Agnete ikanasa kwenye ufa wa udongo mweusi. Akaivuta. Ikagoma. Simel akamgusa mkono, akamtikisia kichwa. Bibi akaiacha fimbo yake imesimama peke yake nyikani.

Hapo redio ikapasuka sauti mkononi mwa Caren: "Shemeji, nimevuka daraja, niko..."

Caren akazima redio. Akakaa bila sauti ya mtu yeyote.

Lakini kichaka kilikuwa kimesikia. Kikafunguka, na nyati wa kwanza akasimama. Alikuwa mzee, pembe zimelika, matope yamekauka ubavuni kama plasta. Hakutazama upande wa kichuguu. Alimtazama Caren. Kati yake na Caren kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na birika ambalo sasa lilikuwa limechemka, kifuniko kikigonga, ta-ta-ta-ta-ta.

Mkono wa Caren ulikuwa bado juu. Ulimuuma. Hakuushusha, kwa sababu Agnete alikuwa bado hatua nne kabla ya kichuguu, na mti haushushi tawi.

Hatua tatu. Birika likagonga. Hatua mbili. Nyati akapuliza pua. Hatua moja.

Kofia nyeupe ikapotea nyuma ya kichuguu.

Caren akashusha mkono, na nyati akaja.

Alisema baadaye kwamba hakumsikia. Aliona meza tu, ikipanda hewani na vikombe vyote, kama kuku walioshtuliwa. Alijitupa upande wa korongo. Akaanguka urefu wa mtu mmoja na nusu, akatua kwa bega, akasikia mfupa ukisema ka. Alilala pale na vumbi mdomoni. Tarajieni vumbi kwenye meno, aliwaza, na karibu acheke.

Juu yake ardhi ilitetemeka, nyati wote watatu wakipita, ikatulia.

Ojwang alipofika, alikuta sufuria zimetapakaa, jiko limelala chali, na Agnete ameketi chini ya kichuguu, ameshika pindo la shuka ya Simel kwa mikono yote miwili. Ojwang akaruka nje ya gari kabla halijasimama vizuri.

"Shemeji! Shemeji Caren!"

"Niko huku chini," sauti ikatoka korongoni. "Ng'ombe yako ameenda na kitambaa changu."

Ni kweli, wasikilizaji wapendwa. Wachungaji wa upande wa Kajiado walisimulia siku nyingi, jinsi walivyoona nyati mzee akikata nyika na kitambaa cheupe kimenasa kwenye pembe, kikipepea nyuma yake kama shela la bi harusi.

Alasiri hiyo Bwana Wanyoike aliwaita wote kwenye hema la chakula. Caren alikuja na mkono umefungwa kifuani. Alijua amekuja kurudishwa kwa sahani, au kupelekwa nyumbani kabisa.

"Nani alipanga meza pale?" Wanyoike akauliza.

"Ni mimi," Caren akasema.

"Uliambiwa kuna wanyama?"

Ojwang alikuwa anatazama viatu vyake. Caren alimwona. Angeweza kusema, huyu aliniambia ng'ombe. Lingekuwa kweli.

"Niliambiwa kitu sikuielewa," akasema. "Nikajibu sawa. Sikuuliza ng'ombe gani. Kila siku nawaambia wageni mti hauulizi. Lakini mimi si mti, bwana. Mimi nilikuwa niulize."

Kiti cha Ojwang kikalia.

"Hiyo ni nusu," Ojwang akasema. "Nusu ingine ni yangu. Nilileta neno ya mbuga zingine hapa, na sikumfundisha."

Simel, ambaye huongea kama mtu anayelipia maneno, akakohoa. "Hapa kwetu ukisema ng'ombe, ni ng'ombe. Ng'ombe hachezewi jina."

"Basi tumwite nani huyo nyati?" dereva mmoja akauliza. "Bi harusi? Si ameenda na shela."

Watu wakacheka, kwa mara ya kwanza siku hiyo. Caren alicheka akashika bega.

"Bi harusi watu wanamkimbilia kumwona," akasema. "Mwiteni mama mkwe."

"Kwa nini mama mkwe?"

"Dalmas, ukikutana na mama mkwe wako kwa njia, unafanya nini?"

"Wee! Napinda. Naingia hata kwa mahindi ya watu."

"Na wewe Simel?"

Simel akatabasamu, jambo la nadra. "Napinda, Yeiyo," akasema, akimwita mama kwa Kimaasai. "Mbali."

"Sisi Wabukusu pia, mwanamume anapinda. Basi. Hakuna mtu wa hapa ataambiwa mama mkwe yuko kichakani, halafu aende kuweka meza."

Tangu siku hiyo, katika redio zote za Oloirien, nyati ni mama mkwe. Na sheria ikaongezwa juu yake: ukiambiwa jina la mnyama, husemi sawa. Kwanza unauliza, gani? Mwenzako anasema kwa jina lake halisi, mara moja, kwa sauti ya chini. Ndipo unasema sawa.

Agnete alibaki siku tatu zaidi. Wanyoike alipomuuliza angetaka nani amwongoze, alionyesha yule mwenye mkono uliofungwa. "Aliniambia nitarajie kitambaa cheupe katikati ya nyasi," akasema. "Hakuniambia kitakuwa kinakimbia."

Mwaka 2002 Caren Naliaka akawa mwanamke wa kwanza kuongoza watalii katika kambi ile. Miaka saba. Bega la kulia halikupona sawasawa, kwa hiyo ngumi aliinua ya kushoto. Wasichana wawili wa Isinya aliwafundisha kazi yeye mwenyewe.

Halafu mwaka 2007 akaona uvimbe.

Bintiye, Dolphine, sasa ana miaka kumi na tisa, anasomea ualimu. Alituambia hivi: "Daktari alikuja akasema maneno marefu, mimi nikaitikia tu, ndiyo daktari, sawa daktari. Mama akainua kichwa kwa mto. Akaniambia, 'Doli, usiseme sawa. Muulize gani.' Nikauliza. Daktari akavuta kiti, akatuambia ukweli. Ndipo tukajua tuko na miezi, si miaka. Iliniuma. Lakini hiyo miezi tuliitumia. Hatukuipoteza kwa kudanganyana."

Na Nashon, mumewe, mtu wa mawe, alisema moja tu: "Alinionyesha kila kitu cha kutarajia. Kimya cha jikoni, hakunionyesha."

Ijumaa iliyopita asubuhi, jeneza lilitoka Kajiado kuanza safari ya Bungoma. Lilipanda barabara ya Namanga kupitia Isinya. Saa hizo ndizo magari ya Oloirien huwa yanaleta wageni. Ojwang alikuwa mbele ya gari la maiti. Akachukua redio.

"Magari yote. Mama mkwe yuko barabarani. Ova."

Kulikuwa na dereva mmoja mgeni, kijana wa Machakos anayeitwa Nzau. Alikuwa na wiki mbili tu kazini na hakuwahi kukutana na Caren. Lakini sheria alikuwa ameshafundishwa.

"Mama mkwe gani?" akauliza.

Dolphine alikuwa ndani ya gari la Ojwang. Anasema Ojwang alishika redio muda mrefu, kidole kwenye kitufe. Kisha akamjibu kwa jina lake halisi, mara moja, kwa sauti ya chini.

"Caren."

"Sawa," Nzau akasema.

Na gari moja baada ya jingine, pamoja na wageni waliokuwa ndani, yakaacha lami, yakapinda njia, yakasimama kwenye nyasi mpaka alipopita.

Kwa Nashon, kwa Dolphine, kwa wazee na ndugu wa Chwele, kwa wafanyakazi wote wa Oloirien, na kwako Mama Agnete huko uliko: pokeeni pole zetu, kutoka kwa kila nyumba inayosikiliza jioni hii. Mungu awashike.

Na sisi tuliobaki tujikague. Kuna sawa tulizosema leo kwa daktari, kwa mwalimu wa mtoto, kwa mume, kwa mke, ili mazungumzo yaishe tu. Kuna moja kati ya hizo ambayo huko mbele mtu anaielekea kwa miguu bila kujua, kama Simel na Agnete. Kabla hujalala, wewe unayenisikia, rudi kwa uliyemwambia sawa. Muulize, gani?

Lala salama, Caren. Tumepinda njia.